Sakafu inayonata chini ya fikasi: uchambuzi wa kisa cha wadudu gamba sebuleni

Mmea ni fikasi ya majani madogo (Ficus benjamina), kimo chake mita 1.7, umepandwa kwenye chungu cha plastiki chenye upana wa sentimita 35. Upo sebuleni, ghorofani, jijini Dar es Salaam, hatua mbili kutoka dirisha linalotazama mashariki. Jirani yake kuna shefulera na kangaga la kuning'inia, na nje kwenye roshani kuna mndimu uliopandwa ndani ya ndoo. Kisa hiki cha wadudu gamba, yaani wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wakiwa wamejifunika gamba, ni cha kawaida kabisa kwenye nyumba zenye maua mengi, na makosa yaliyofanyika mwanzoni ndiyo hayohayo yanayofanyika karibu kila mahali, kwa hiyo inafaa kukipitia hatua kwa hatua.

Lalamiko la kwanza halikuhusu mmea. Lilihusu vigae: kila vikipigwa deki, kesho yake vinanata tena, na soksi zinagandia. Baadaye majani ya ndani yakaanza kugeuka manjano na kupukutika, na majani ya chini yakapata weusi kama masizi. Kabla ya kuomba ushauri, mwenye nyumba alikuwa ameshaongeza maji, ameweka kijiko cha urea kwenye udongo, na amepuliza dawa ya mbu ya kopo.

Maji ya ziada hayakuleta nafuu. Urea iliharibu zaidi, kwa sababu naitrojeni nyingi hufanya utomvu uwe na lishe kubwa kwa wadudu wafyonzaji na hutoa machipukizi laini ambayo ndiyo wanayoyapenda. Dawa ya mbu iliunguza ncha za majani, maana viyeyushi vyake havikutengenezwa kwa ajili ya mimea, na haikumfikia mdudu mkubwa aliyejifunika.

Kumtambua mdudu

Ukiona kunata chini, tazama juu yake wima. Maji matamu hayatoki hewani, yanadondoka kutoka kwa mdudu anayefyonza utomvu na kutoa sukari ya ziada kwa nyuma. Kwenye fikasi hii ilitosha kugeuza jani moja. Kando ya mshipa mkuu, upande wa chini, kulikuwa na vidoa vya mviringo mrefu, bapa, rangi ya manjano-kahawia, urefu wa milimita 3 hadi 4. Kwenye vijiti vya kijani vilijipanga vikifuatana, na rangi yake ilikaribia sana rangi ya gome. Hii ndiyo sababu watu hupita mbele ya mmea kila siku bila kuona kitu.

Gome la fikasi lina vinundu vyake vya asili vya kupumulia, na mtu anaweza kupoteza saa nzima akivikwangua. Kipimo ni ukucha. Sukuma kidoa kwa ubavu: kikiteleza na kuacha unyevu, ni mdudu. Kikikataa, na ukilazimisha gome linachubuka na kutoa maziwa meupe, hicho ni sehemu ya mmea. Kwenye kangaga tahadhari ni kubwa zaidi. Vidoa vya kahawia vilivyojipanga kwa mistari sawasawa chini ya jani lake ni vifuko vya mbegu zake za vumbi, si wadudu. Mdudu hakai kwa mpangilio. Anakaa palipo na mshipa wenye utomvu.

Wadudu gamba wa majumbani wako makundi mawili makubwa, na kuyatofautisha kunaamua dawa. Wenye gamba gumu hujijengea kifuniko kilichotengana na mwili. Ukikiinua kwa sindano, mdudu anabaki chini yake. Hawa hawatoi maji matamu. Wenye gamba laini, gamba lao ndiyo ngozi yao ya mgongoni. Ukiliinua, unamwinua mdudu mzima, na hawa ndio wanaonatisha sakafu. Vigae vilishajibu swali kabla ya lenzi: tunashughulika na gamba laini. Umbo bapa na rangi ya madoadoa vinaelekeza kwa Coccus hesperidum, aliyepewa jina hilo na Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden, mwaka 1758, anayekula mamia ya aina za mimea, ikiwemo michungwa na mindimu. Angekuwa amevimba mgongo kama nusu ya punje ya pilipili manga, kahawia iliyokoza na kung'aa, tungemshuku Saissetia coffeae. Huyo hutaga mayai mengi chini ya mwili wake, na kumbandua ovyo humwaga mayai kama vumbi hadi kwenye udongo.

Jambo la kujua kuhusu Coccus hesperidum ni uzazi wake. Jike huzaa bila dume mara nyingi. Mayai yake huanguliwa ndani yake au mara tu yanapotoka, na jike mmoja anaweza kutoa watoto 200 hivi, si kwa siku moja bali kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Mtoto ana urefu usiofika nusu milimita, ana miguu, hana gamba la maana, na hutambaa muda mfupi kutafuta mahali pa kuchomeka mdomo. Akishatulia huanza kujenga kinga, na katika joto la Dar miezi miwili hivi inatosha kumfikisha utu uzima. Kwa kuwa uzazi haukatiki, wakati wowote kwenye mti mmoja utakuta wazee, vijana na wachanga pamoja. Dawa ya mguso inawaua wachanga kwa urahisi na inawaacha wengi wa wazee. Hapo ndipo ulipo ufumbuzi wote wa kisa hiki: wazee huondolewa kwa mkono, wachanga kwa dawa nyepesi inayorudiwa kwa tarehe. Anayetafuta dawa kali ya kupiga mara moja atapoteza pesa, na mara nyingi atapoteza mmea.

Weusi wa majani nao ulieleweka hapohapo. Ni ukungu unaoota juu ya sukari. Hauingii ndani ya jani, ila unalizuia lisipate mwanga. Hauhitaji dawa ya ukungu. Sukari ikikatika, unafutika kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Siku ya kwanza

Kwanza iliondolewa mimea mingine, si fikasi. Watu wengi hukimbilia kuuhamishia mmea mgonjwa kwenye stoo au bafu lenye giza, na fikasi ya majani madogo hupukutisha majani kwa kubadilishiwa mwanga tu. Ukiihamisha ikiwa tayari imedhoofika, utashindwa kujua majani yanaanguka kwa wadudu au kwa kuhama. Shefulera ilikaguliwa, ikakutwa na wadudu wachache kwenye vikonyo, ikatengwa peke yake. Kangaga lilikutwa safi na likapelekwa chumba kingine.

Kisha kupogoa. Vijiti vyembamba vya ndani vilivyojaa magamba vilikatwa, karibu robo ya matawi. Kila kijiti kilichokatwa ni mamia ya wadudu walioondoka bila dawa. Maziwa ya fikasi huwasha ngozi na hayatoki kwenye nguo, kwa hiyo vaa glavu, tandika magazeti, na bonyeza kitambaa chenye maji kwenye jeraha mpaka maziwa yakome. Mabaki yaliingia kwenye mfuko wa plastiki, ukafungwa na kutupwa. Usiyaweke kwenye lundo la mboji la roshani: wachanga wataondoka kwenye majani yanayonyauka na kutafuta mti mwingine.

Kazi ndefu ilikuwa ya mkono. Vifaa: spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70, vijiti vya pamba, mswaki laini wa zamani, vitambaa viwili, na beseni la maji ya sabuni. Spiriti ijaribiwe kwanza kwenye jani moja na kusubiriwa siku moja au mbili. Fikasi huivumilia, kangaga na mimea yenye majani ya manyoya mara nyingi huungua. Kijiti cha pamba kilichochovywa kwenye spiriti kinabonyezwa juu ya mdudu kwa sekunde chache, kisha kinazungushwa ili mdudu anase kwenye pamba. Usimkwangue akadondokea kwenye udongo. Kwenye vijiti vigumu mswaki unafanya kazi haraka zaidi, ukienda kwa mwelekeo mmoja na kuusuuza ndani ya beseni kila baada ya kupiga mara chache.

Mahali panaposahaulika ni makwapa ya majani, yaani pembe kati ya kikonyo na kijiti, nyufa za gome karibu na udongo, na chini ya kingo za chungu. Kwa mti wa ukubwa huu kazi hii huchukua saa mbili au zaidi ikifanywa vizuri. Haina njia ya mkato, na ndiyo inayoamua kama dawa inayofuata itakuwa na maana yoyote.

Dawa, vipimo na maji

Mchanganyiko uliotumika: lita 1 ya maji ya uvuguvugu, mililita 5 za mafuta ya mwarobaini (kijiko kimoja cha chai), na mililita 2 hadi 3 za sabuni ya maji isiyo na rangi kali wala dawa ya kuondoa mafuta. Changanya sabuni na mafuta kwanza mpaka yawe meupe kama maziwa, kisha ongeza maji taratibu huku ukikoroga. Ukimimina mafuta moja kwa moja kwenye maji yataelea, na utajikuta unapuliza maji matupu mwanzoni na mafuta matupu mwishoni, ambayo huunguza majani. Tikisa chupa kila dakika chache. Tengeneza ya kutosha siku hiyo tu. Mchanganyiko uliolala hupoteza nguvu.

Ukikosa mafuta ya mwarobaini, sabuni peke yake inafaa: mililita 10 hadi 20 kwa lita moja. Sabuni ya unga ya kufulia isitumike, ina chumvi na vipausho vinavyochoma majani.

Maji yana umuhimu ambao haupewi uzito. Nyumba nyingi za Dar zinatumia maji ya kisima yenye chumvi, na maji magumu huigandisha sabuni ikawa utando usioua kitu. Jaribu kwenye chupa ya kioo: tia sabuni kidogo, tikisa, acha dakika kumi. Yakifanya vipande vyeupe vinavyoelea bila povu, tafuta maji ya mvua au maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi. Hayo ya kiyoyozi hayana chumvi na yanatosha kabisa kwa lita moja ya wiki.

Sabuni na mafuta huua kwa kumgusa na kumfunika mdudu, basi. Vikishakauka kazi imekwisha, na asiyelowa hafi. Kwa hiyo pulizia mpaka majani yachuruzike, na upande wa chini upate zaidi kuliko wa juu. Chupa nyingi za mkono hazipulizi zikipinduliwa, kwa hiyo fikasi ililazwa ubavu juu ya turubai, udongo ukiwa umefunikwa kwa mfuko na kufungwa shinani, ikapulizwa upande mmoja, ikageuzwa. Kazi ifanyike jioni jua likishazama, madirisha wazi, na mmea uwe umemwagiliwa jana yake. Mmea wenye kiu ukipakwa mafuta kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30 unapoteza majani, kisha lawama huenda kwa mwarobaini.

Ratiba ilikuwa mara moja kwa wiki: siku ya 1, ya 7, ya 14, ya 21 na ya 28. Kila mara kabla ya kupuliza, wazee walioonekana walibanduliwa kwa pamba. Mbolea ilisimamishwa kabisa. Maji yalirudishwa kwenye kiasi chake: pale tu udongo unapokauka kina cha kidole.

Wiki ya tano, wadudu wakarudi

Baada ya dawa ya nne mmea ulionekana safi na machipukizi mapya yalikuwa yanang'aa. Mwenye nyumba alitaka kuacha. Wiki ya tano vigae vikaanza kunata tena, na wachanga wapya wakaonekana kwenye majani ya juu. Hapa ndipo wengi husema dawa haifai na kwenda kununua kali zaidi. Dawa haikuwa na kasoro. Sababu zilipatikana mbili.

Ya kwanza ilikuwa kamba. Shina lilikuwa limefungwa kwenye fimbo ya kuegemea kwa kamba ya katani, na chini ya mizunguko ya kamba kulikuwa na majike wakubwa waliojazana, wakavu, salama, wasiofikiwa na tone hata moja. Kamba ilikatwa na kutupwa, fimbo ikasuguliwa kwa spiriti, shina likasafishwa kwa mswaki, na mfungo mpya ukawa utepe laini unaofunguliwa kila wiki wakati wa kukagua.

Ya pili ilikuwa sisimizi. Mstari mwembamba ulitoka roshani, ukapita kwenye fremu ya dirisha, ukapanda chungu. Sisimizi hula maji matamu ya wadudu gamba, na kwa ajili ya chakula hicho huwafukuza nyigu wadogo wanaotaga ndani ya wadudu gamba pamoja na wadudu wengine wanaowala, na wanaweza pia kuwabeba wachanga. Wakulima wa kahawa wa Kenya walilijua hili zamani. Walipokuwa wanapambana na vidung'ata, ndugu wa karibu wa wadudu gamba, nyigu walioletwa kutoka Uganda mwaka 1938 walienda sambamba na kufunga mashina kwa utepe wa gundi ili sisimizi wasipande. Nyigu bila kuzuia sisimizi hawakuwa na nafasi ya kufanya kazi.

Sebuleni hakuna nyigu wa kulindwa, lakini njia ya sisimizi ilikuwa inaonyesha chanzo. Ukiufuata mstari wao kinyumenyume unafika kwenye mndimu wa roshani, ambao haukukaguliwa siku ya kwanza kwa sababu "uko nje". Majani yake ya ndani yalikuwa na wadudu haohao.

Kizuizi kilikuwa rahisi. Chungu kiliinuliwa juu ya matofali matatu yaliyowekwa ndani ya sinia lenye maji na sabuni, na matawi yanayogusa pazia yakakatwa, maana jani moja linalogusa pazia ni daraja. Chambo kiliwekwa njiani pao: gramu 5 za asidi ya boriki, gramu 50 za sukari, nusu lita ya maji, kikalowesha pamba ndani ya kifuniko cha chupa. Hiyo ni asilimia 1 ya boriki, na udogo wake una maana. Ukiizidisha, sisimizi wanafia njiani kabla ya kuifikisha kwa malkia. Kifuniko kiwe mbali na watoto na paka, na chupa ya akiba iandikwe jina kwa maandishi makubwa, maana kwa macho ni maji ya sukari.

Baada ya hapo hesabu ya dawa ilianza upya: wiki nne nyingine za kila wiki, kwa fikasi, shefulera na mndimu kwa siku moja. Ukiacha mmoja, umewaachia akiba.

Suala la dawa ya kunyonywa na mizizi

Iliulizwa, na inastahili jibu la wazi. Dawa kama imidaklopridi huwekwa kwenye udongo, ikapanda na utomvu, na mdudu wa gamba laini anayefyonza kutoka mirija ya chakula hufa. Kwa wenye gamba gumu haifanyi kazi vizuri, kwa kuwa wao hula kwenye seli za kawaida za jani na gome. Kwa fikasi ya ndani isiyotoa maua ya kufuatwa na nyuki, ingewezekana kitaalamu. Kwa mndimu haiwezekani hata kidogo: ndimu zinaliwa, na maua yake yanatembelewa na nyuki. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi yake ya nje mwaka 2018 kwa sababu ya nyuki.

Hapa haikutumika, na uamuzi huo ulikuwa sahihi: mmea ulikuwa unafikika kwa mkono wote. Anayeamua kuitumia anunue kopo lenye lebo kamili na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), na lebo hiyo itaje mimea ya mapambo. Dawa za shambani zilizomiminwa kwenye chupa ndogo za maji na kuuzwa bila lebo zisiingie ndani ya nyumba. Nyingine ni sumu za neva, na sebule haina upepo wa shamba.

Kujua kama umeshinda

Gamba la mdudu aliyekufa halianguki. Hubaki limegandia jani kwa wiki na hata miezi, na watu hupuliza dawa juu ya maiti wakidhani ni hai. Chagua majani 10 kutoka sehemu tofauti, yafunge uzi wa rangi, na kila wiki bonyeza magamba yake kwa ncha ya kijiti cha meno. Akitoa maji ni hai, akipasuka mkavu ni mfu. Halafu mbandue, ili wiki ijayo asikuchanganye.

Kipimo kingine kizuri ni karatasi ya foili ya jikoni, iliyotandikwa chini ya mti kwa saa 24. Matone ya sukari yanaonekana juu yake kama nukta zinazong'aa, hata kabla jicho halijamwona mdudu mwenyewe. Kwenye fikasi hii foili ilibaki safi kuanzia wiki ya nane. Kupuliza kuliendelea mpaka zile wiki nne za awamu ya pili zikamilike, kisha foili na kukagua vikaendelea kila wiki kwa miezi miwili zaidi, muda unaomtosha mtoto aliyejificha kukua na kujifichua.

Fikasi ilirudishiwa mbolea baada ya hapo, ya uwiano sawa, nusu ya kipimo cha kwenye pakiti, mara moja kwa mwezi. Majani yaliyopukutika ndani hayakurudi mahali pake. Fikasi huchipua kwenye ncha, na umbo la katikati hurekebishwa kwa kupogoa tena mti ukishapata nguvu. Mndimu ulibaki roshani ukiwa umeachana na dirisha, ndoo yake imesimama ndani ya sinia la maji, na ndimu zake zilioshwa kwa maji kabla ya kutumika. Mmea wowote mpya kutoka kwa wauza miche wa barabarani sasa unakaa peke yake wiki nne kwanza, na foili chini yake.